Sahihi ya Mume Asiyejulikana Anakaa Wapi

Mama mdogo Pathma ukipita nje kwake unapiga chafya mpaka machozi, na bado kesho unapita tena. Anakaanga pilipili kavu na giligilani na bizari kwenye sufuria kubwa ya chuma, halafu anasaga. Watu wote wenye ndugu Toronto na London wanakuja kununua kwake kilo mbili tatu za kupakia kwenye mizigo, maana huko wanakula mchuzi wa rangi tu. Mashine yake ya kusagia inalia kuanzia saa mbili asubuhi. Sisi tunakaa jirani, kati yetu kuna uzio wa makuti ya mvumo wenye tundu la kupitia kichwa, na mengi ya haya nimeyasikia kwenye hilo tundu. Mengine nilikuwepo kabisa.

Sasa binti yake, Tharsika, akachumbiwa. We, furaha. Mwanaume anaitwa Nirojan, fundi umeme wa serikali, mpole, anacheka hata vichekesho vya mjomba wetu ambavyo hakuna anayevicheka. Nyota zao zimelingana, mnajimu katoa siku: tarehe tisa mwezi wa tisa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Akasema ikipita hiyo hakuna siku nzuri mpaka mwezi wa pili. Kadi zikachapishwa. Mimi nikaanza kutafuta rangi ya sari.

Ikabaki hati tu.

Kama wewe umezoea mwanaume ndiye anayetoa mahari, geuza kichwa kidogo. Kwetu Jaffna anayepewa mali ni binti, anapewa na wazazi wake siku anaolewa, na tunaiita seethanam. Na mara nyingi ni nyumba. Binti haendi popote, mume ndiye anakuja na sanduku lake. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya mama wa bibi Sellam, ikawa ya bibi Sellam, bibi akampa mama mdogo kwa hati mwaka tisini na nane, na mama yangu mimi akapewa kiwanja cha pembeni ndiyo maana tuko hapo. Wanaume wa ukoo wetu wote wameingia kwenye nyumba za wake zao. Hakuna anayeona aibu.

Na sheria yetu ya huku kaskazini ni ya zamani sana, ina mafungu yake. Kuna mali ambayo mwanaume karithi kwao, hiyo yake. Kuna mali mliyochuma wote mkiwa ndani ya ndoa, hiyo nusu kwa nusu. Na kuna seethanam, ya mwanamke peke yake, hata mume akikasirika vipi hana tofali lake pale. Ila kuna msumari. Nyumba ni yako, lakini ukitaka kuiuza au kumpa mtu, mumeo lazima akubali kwa maandishi. Yaani mali ya mmoja, kalamu ya wawili.

Na mume wa mama mdogo, baba Yogarajah, hatujamwona tangu mwaka elfu mbili na tisa. Siku zile za mwisho za vita walitenganishwa, wanawake huku wanaume kule, yeye akapanda basi na wenzake. Tharsika alikuwa na miaka tisa. Basi likaondoka. Ndiyo hivyo tu, hakuna jambo zaidi ya hapo ambalo mtu yeyote amewahi kutuambia.

Mama mdogo bado anapaka kidoti chekundu kwenye paji la uso kila asubuhi, kama mke. Uzi wa dhahabu wa ndoa uko shingoni. Ukimuuliza habari za mumewe anasema, "Atakuja." Haongezi neno. Watu walishaacha kuuliza.

Basi akaenda kwa mzee Arulampalam, wakili wa hati, ofisi yake iko ghorofani ukivuka soko la Chunnakam. Nilimsindikiza kubeba mfuko. Mzee akasoma ile hati ya bibi mpaka mwisho, akafurahi, akasema hati safi hivi siku hizi haziji. Akauliza jina la mume. Akaambiwa. Akauliza atakuja lini kuweka sahihi. Mama mdogo akasema hayupo. Sasa huku kwetu, nusu ya waume hawapo, wako nje wanaosha vyombo na kuendesha malori ili nyumba za huku zipauliwe. Kwa hiyo mzee hata hakuinua macho.

"Nchi gani? Kanada?"

Mi nikamwangalia mama mdogo. Akasema, "Ndiyo."

Mzee akaandika, akampa karatasi, akaeleza baba aende nayo ubalozini akaweke sahihi mbele yao, halafu aitume. Tukashuka ngazi. Barabarani nikamuuliza, mama mdogo, Kanada? Akasema nisimsumbue, lilimtoka tu. Karatasi akaiweka nyuma ya picha ya mungu wetu Murugan, na wiki tatu akawa anasaga pilipili kama mtu anayesubiri posta. Nikimkumbusha ananiambia nikanunue mafuta ya kupikia. Nikimwambia nitamwambia mama, ananiangalia. Sikusema.

Uongo huo ungekaa kimya kama karani wa mzee asingekuwa binamu wa mtu wa upande wa bwana harusi. Jumamosi moja mama yake Nirojan akashuka kwenye bajaji bila taarifa. Anaitwa mama Ranjitham, mwembamba, anatembea kama anawahi kitu. Safari zote alikuja na ndizi. Safari hii mikono mitupu.

Alikaa, akakataa chai, na huku kwetu kukataa chai ni kama kurusha kiatu.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "mlituambia baba wa binti alipotea kwenye vita. Nikalia na wewe, hapa hapa kwenye hiki kiti. Leo nasikia yuko Kanada anasubiriwa kuweka sahihi. Ana mke mwingine huko? Niambie tu. Sisi si watoto."

Mama mdogo akawa anakunja pindo la sari, anakunjua, anakunja. Tharsika alitoka jikoni na kijiko mkononi, hajui kitu, anamwangalia mama yake. Mama mdogo ndipo akasema yote. Kwamba hayuko Kanada. Kwamba wakili alisema Kanada yeye akaitikia. Kwamba hajui kwa nini.

Mi nilitegemea mama Ranjitham atasimama aondoke. Hakuondoka. Aliomba ile chai. Ila hakulegeza. Alieleza, na kwa kweli si mtu mbaya, mtoto wake wa kwanza aliahidiwa nyumba hivyo hivyo, hati itakuja baada ya harusi, itakuja baada ya sikukuu ya Pongal, itakuja mtoto akizaliwa, na mpaka leo wanapanga vyumba viwili. Safari hii mtoto wake hafungi uzi wa ndoa bila hati. Na dawa anaijua. Mama mdogo akachukue cheti cha kifo. Kila mtu amechukua, dada yake mwenyewe alichukua, wiki mbili kinatoka. Mume akishakuwa marehemu sahihi yake haihitajiki tena.

"Ni karatasi tu," akasema. "Kuiandika hakumuui mtu."

Mjomba wetu naye akasema hivyo hivyo. Na mama yangu, kwa sauti ya chini. Yaani kila mtu akaingia kwenye uzio ule na hilo neno, karatasi tu, karatasi tu. Na ni kweli ingekuwa rahisi. Lakini ile karatasi mtu wa kuweka sahihi ni yeye, kwamba mume wangu amekufa. Na akishaweka ni mjane. Kidoti kinafutwa. Na mjane kwetu, hata iwe harusi ya binti aliyemzaa, hakai mbele. Anakaa nyuma, wenzake ndio wanammwagia binti mchele na kumbariki. Tharsika alisema hajali, atamweka mbele na mwenye kusema aseme. Mama mdogo akamjibu kwamba si hilo.

"Sasa ni lipi, amma?"

"Akirudi akute nimemzika?"

Hapo Tharsika alirudi jikoni. Kijiko alikuwa bado anacho.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: bila cheti hakuna sahihi, bila sahihi hakuna hati, bila hati hakuna harusi. Na zimebaki wiki saba. Nilikuwa naamka naangalia tarehe kwenye simu kama vile itasogea nyuma.

Jumatatu mama mdogo akaenda mwenyewe kumwambia mzee Arulampalam ukweli. Nilikuwepo, mfuko ule ule. Mzee alivua miwani.

"Wiki tatu, binti. Wiki tatu namuuliza karani kila siku kama barua ya ubalozi imefika. Ningekuandikia hati, akaja mtu akanionyesha kwamba aliyeweka sahihi hayupo, mimi na wewe tungekuwa tunakula wali wa serikali. Unajua hilo?"

Mama mdogo akasema anajua. Akasema cheti cha kifo hachukui. Akasema kama hakuna njia nyingine basi amwambie sasa, ili akawaambie watu wasinunue sari. Mi moyo wangu ukadunda pale kwenye sari, samahani.

Mzee akainuka akatoa kitabu, kimeliwa na mende pembeni. Akafungua bila kutafuta. Akatusomea polepole, na mi nilirekodi kwenye simu kwa hiyo nakumbuka vizuri. Mahakama ya wilaya inaweza kutoa kibali badala ya mume, kama mume kamtelekeza mke, kama yuko jela, kama ana wazimu. Au kama hajulikani anakaa wapi.

"Rudia hiyo ya mwisho," mama mdogo akasema.

"Hajulikani anakaa wapi."

"Haisemi amekufa?"

"Si lazima afe. Mtu aliyekufa haombewi kibali. Hiki ni cha mtu aliye hai kwenye karatasi, ila anwani yake haijulikani."

Akaomba arudie tena. Mzee akarudia, na sasa sauti yake haikuwa ya kugomba.

Usifikiri hapo ndio mambo yakanyooka. Maombi yakapelekwa. Ikatakiwa barua ya ofisa wa kijiji kwamba kweli mume haonekani tangu mwaka ule. Yule ofisa ni mtu mwema, anatufahamu, akaandika barua nzuri sana, na kwa heshima tu akaandika "marehemu Yogarajah." Neno moja. Mahakamani wakairudisha, maana huwezi kuomba kibali cha marehemu. Na ofisa kashaenda kwenye mazishi ya shangazi yake Batticaloa. Siku tisa. Mama mdogo alikuwa anakwenda nyumbani kwa ofisa kila jioni kumuuliza mkewe kama amerudi, mpaka yule mke akawa anamwona kwa mbali anapunga mkono: bado.

Aliporudi akaandika upya. Wakapangiwa tarehe. Tano mwezi wa tisa. Harusi tarehe tisa.

Mama Ranjitham akapiga simu, akasema anasubiri, ila ukumbi lazima uambiwe siku tatu kabla kama kuna harusi au hakuna. Hakusema kwa ubaya. Lakini mama mdogo tangu siku hiyo akawa anaunguza pilipili. Sufuria nzima, nyeusi, mtaa mzima unakohoa. Hajawahi kuunguza tangu nizaliwe.

Tarehe tano tulikuwa mahakamani kabla ya mlango kufunguliwa. Mi, Tharsika, mama mdogo, mzee Arulampalam na wakili kijana wa kusimama mbele. Tukakaa kwenye benchi. Wakaita kesi ya mpaka wa shamba, wakaita ya kisima, wakaita ya ng'ombe aliyekula vitunguu vya mtu, hiyo ilichukua muda kuliko zote na wote wawili walikuwa wanapiga kelele. Saa sita ikakaribia. Saa sita na nusu wanakwenda kula. Tharsika alikuwa ananibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nikawa nasema kimoyomoyo, ng'ombe jamani, malizeni.

Tukaitwa saa sita na dakika tano.

Hakimu alikuwa mwanamke, miwani myembamba, mafua. Akasoma karatasi. Wakili kijana akaeleza. Hakimu akamwangalia mama mdogo, aliyesimama na sari yake ya bluu, kidoti chekundu, uzi wa dhahabu. Akamuuliza kama anaelewa anachoomba. Akasema anaelewa. Akamuuliza kama nyumba ni seethanam yake au waliinunua wote. Akasema ya mama yake, na mama wa mama yake. Ni choo cha nje tu alichojenga mume. Watu wakacheka kidogo, hakimu hakucheka.

"Mumeo anakaa wapi?"

"Atakuja, mheshimiwa."

"Sijauliza kama atakuja. Nauliza anakaa wapi."

Na hapo mama mdogo akakwama. Nilimwona. Midomo inafunguka halafu inafungwa. Wakili kijana akamnong'oneza kitu, hakumsikia. Mzee Arulampalam akainama akawa anaangalia viatu vyake. Maana lile neno moja walilokuwa wanalitaka, hajawahi kulisema. Miaka kumi na nne. Ofisi zote alizokwenda na picha yake, maandamano yote na kina mama wengine waliopotelewa, wakimuuliza anasema nyinyi ndio mniambie. Majirani wakiuliza, atakuja. Wakili alipouliza, akaona bora aseme Kanada kuliko kulisema hilo.

Hakimu akaangalia saa. Nikaona anaiangalia. Nikajua akisema tuahirishe, imekwisha, hakuna tarehe nyingine kabla ya tisa, na Tharsika naye kajua maana mkono wangu ameuachia, ameshika benchi.

"Mama," hakimu akasema, na safari hii alishusha kalamu. "Ukinijibu hilo siandiki kwamba amekufa. Naandika ulichosema tu."

Mama mdogo akasema, "Sijui."

Halafu akarudia, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. "Sijui anakaa wapi. Tangu alipopanda basi, sijui."

Hakimu akaandika. Ilichukua muda, sijui alikuwa anaandika nini kirefu hivyo kwa neno fupi kama lile. Akauliza kama binti akishapewa nyumba yeye mama atabaki na pa kulala, akaambiwa ndiyo. Akapiga chafya. Akasema kibali kimetolewa.

Nje mama mdogo akakaa kwenye ukuta wa bustani ya mahakama akalia mpaka akamaliza. Hatukumgusa. Tharsika alikaa upande huu mi upande ule. Halafu mama mdogo akauliza kama kuna mtu ana njaa.

Kibali kilichapwa kesho yake mchana, na jioni yake, siku tatu kamili kabla ya harusi, tukakaa wote kwa mzee Arulampalam: sisi, Nirojan ametoka kazini na koleo bado kiunoni, na mama Ranjitham na mkoba wake magotini. Alikuwa amechelewesha kuwapigia watu wa ukumbi mpaka aone karatasi kwa macho yake. Mzee akasoma hati kwa sauti. Mpaka wa kaskazini nani, wa kusini nani, parappu nne za ardhi, kisima, mivumo sita. Penye kibali cha mume akasoma tarehe na namba ya mahakama. Mama Ranjitham akawa anatikisa kichwa polepole, yaani sawa, sawa.

Mzee akainua kalamu. Akasema kawaida mama akimpa binti nyumba, anaandika kwamba mama atakaa humo mpaka mwisho wa maisha yake, hakuna wa kumtoa. Aandike?

Mama mdogo akasema aandike watu wawili. Yeye na mumewe.

Mzee akamwangalia juu ya miwani.

"Binti, jana umeapa mahakamani hujui anakaa wapi."

"Sijui," mama mdogo akasema. Safari hii halikumkwama. "Ila akionekana, atakaa hapa. Andika hilo."

Mzee akageuka kwa mama Ranjitham, maana wanaongezewa mtu kwenye nyumba, na mtu mwenyewe hajulikani. Yule mama alifungua mkoba wake akaufunga. Akamwangalia Nirojan, Nirojan akainua mabega, yaani mimi kwangu sawa.

"Andika," mama Ranjitham akasema. "Lakini chumba cha mbele ni cha vijana."

"Cha nyuma kinatosha," mama mdogo akamjibu. "Kina mlango wake."

Mzee akaandika. Mama Ranjitham akatoa simu mkobani akawapigia watu wa ukumbi, akawaambia harusi ipo, na akauliza kama viti vya mbele upande wa binti vinaweza kuongezwa kimoja, kando ya cha mama yake.